Densi pia ni kazi, mjibu mzee hivyo

Kijana wa Sultan Hamud, ukiwaambia wa kwenu kwamba Gredi ya 10 unachagua mkondo wa Sanaa na Michezo kwa sababu unataka densi, unajua kitakachofuata. Babako ataweka kikombe chini. "Niuze mbuzi ili uende ukatingishe mabega?"

Swali lake si la kipuzi. Usimjibu kwa hasira, mjibu kwa mfano.

Novemba 1997, mchezo wa The Lion King ulifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maonyesho jijini New York. Ndani yake mna Simba, Rafiki na Pumbaa, majina yetu kabisa. Wachezaji hubeba nyasi vichwani, jukwaa likawa mbuga kama ile unayoiona ukitazama upande wa Kajiado. Lakini aliyepanga hatua hizo si Mkenya. Ni Garth Fagan, mzaliwa wa Kingston, Jamaika.

Fagan hakuanzia hapo. Mwaka 1970 aliunda kundi lake Rochester, mji wa jimbo hilo la New York, akafunza vijana ambao hawakuwa wamesomea densi popote. Alichanganya ngoma za Karibi na za Afrika, baleti na densi ya kisasa. Tuzo ya Tony kwa kazi ya Lion King aliipata 1998. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Wewe video ya TikTok ikikosa watazamaji kwa siku mbili ushakata tamaa.

Na si lazima Broadway. Mwaka huohuo wa 1997, hapa Nairobi, Mkenya Opiyo Okach na Mkongo Faustin Linyekula, pamoja na Afrah Tenambergen, walianzisha kundi la Gàara. Baadaye Linyekula alirudi kwao, akaanzisha Studios Kabako jijini Kinshasa mwaka 2001, kisha akaihamishia Kisangani. Kazi zake huonyeshwa Ulaya na Marekani, lakini makao ni kwao.

Sasa njoo Ukambani. Tuna kilumi ya wazee, ngoma ya kuombea mvua na kutibu. Tuna mbeni ya vijana, ile ya kuruka na kupinduka hewani. Kila msimu wa tamasha za muziki shule hufunzwa ngoma kama hizi na mwalimu fulani, au mama fulani wa kijijini, ambaye jina lake halisomwi popote. Mheshimiwa akija kuhutubia, kundi hucheza juani saa nzima, kisha soda na noti chache za kugawana. Hapo ndipo shida ilipo. Mzee hachukii densi. Hajawahi kuona mtu akilipwa kwayo.

Kaunti ya Makueni ingeanza hapo: kundi likialikwa kwenye sherehe, kuwe na mkataba, bei, na jina la aliyepanga hatua. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni inataja densi waziwazi. Mbona tuitumie kwenye hotuba pekee?

Nawe usikimbilie mkondo huo kwa sababu unaogopa hisabati. Utaihitaji siku ya kugawana malipo. Wakikuita Jumamosi kucheza mkutanoni, kabla hujashika filimbi uliza mambo mawili: tunalipwa ngapi, na nani atatajwa kuwa ndiye aliyetufunza?