Si Binadamu Peke Yake Arushaye

Iko sentensi moja niliyopigana nayo kwa zaidi ya miaka thelathini, nayo haijafa mpaka leo. Inasema hivi: binadamu ni kiumbe pekee awezaye kurusha kitu kwa kukusudia. Niliikuta madaftarini mwa watoto wa shule za msingi. Niliikuta ubaoni. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliikuta katika maandalio ya somo ya wanachuo waliokaribia kuhitimu, na kila nilipoiona niliikata kwa kalamu nyekundu. Sasa nimestaafu, nimevuka miaka sabini, naishi hapa Msalato, na watoto wa jirani wananisomea sentensi ile ile kama waisomavyo aya ya msahafu. Nasema imetosha.

Kwanza, sentensi hiyo ni uongo, na ushahidi wa kuikanusha haukutoka mbali. Ulitoka katika ardhi yetu. Mwaka 1960 Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwachunguza sokwe. Mwaka 1964 alichapisha katika jarida la Nature taarifa kwamba sokwe hao hutumia zana, na kwamba hurusha vitu kwa kulenga. Mara nyingi hukosa shabaha, hilo ni kweli, lakini kukosa shabaha si kutolenga. Ingekuwa hivyo, nusu ya wachezaji wetu wa mpira wasingehesabiwa kuwa watu.

Mwaka 1966 yeye na Hugo van Lawick, aliyekuwa mumewe wakati huo, waliandika katika jarida hilo hilo habari za tumbusi wa Misri kutoka mbuga za kaskazini mwa Tanzania. Ndege huyo mweupe, mwenye uso wa njano, hawezi kulipasua yai la mbuni kwa mdomo wake. Basi hutafuta jiwe, hulibeba mdomoni, hujiinua wima mbele ya yai, na kulibwaga jiwe kwa nguvu. Hurudia mpaka ganda lipasuke. Zaidi ya nusu karne imepita tangu habari hizo zichapishwe, na mwalimu wa Kitanzania bado anaandika ubaoni kwamba hakuna arushaye ila mtu. Huko ni kudharau cha nyumbani.

Watanijibu wenzangu: "Mwalimu, hiyo ni silika tu, haina akili." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Hakuna anayedai kwamba tumbusi hukaa akapiga hesabu. Nakubali pia kwamba kwa kurusha mbali, kwa kasi na kwa shabaha, binadamu hana mpinzani. Bega lake na mkono wake vimeumbika kwa kazi hiyo. Lakini tazama tulipofika. Tumetoka kwenye "ni yeye peke yake" tukafika kwenye "yeye amezidi". Hizo ni kauli mbili tofauti, na kazi ya mwalimu ni kujua tofauti ya kauli mbili. Kauli ya kwanza hufunga macho ya mtoto. Ya pili humfanya aulize: amezidi kwa kiasi gani, na wengine hufanyaje?

Na wengine ni wengi. Sina haja ya kumpeleka mtoto Gombe. Chini ya ukuta wa darasa, palipo na vumbi laini lisilofikiwa na mvua, kuna vishimo vidogo mfano wa faneli. Ndani ya kila kimoja amejificha mdudu mdogo mwenye taya kama koleo. Siafu au chungu akiteleza kishimoni na kujaribu kupanda, mdudu yule humrushia mchanga kwa kichwa chake mpaka aporomoke. Kila mtoto wa Dodoma amewahi kuchezea vishimo hivyo kwa kijiti. Ni walimu wangapi wamewahi kuinama pamoja naye?

Mmea nao hurusha. Mbarika unaoota jalalani, tunda lake likikauka, hupasuka kwa kishindo na kuzitupa mbegu mbali na mama yake. Miyombo ya Tabora hufanya vivyo hivyo: ganda hukauka, pande zake mbili hujisokota, na mbegu huruka. Upo hata ukungu uotao kwenye samadi mbichi ya ng'ombe. Kijishina chake hujaa maji, hujielekeza penye mwanga, kisha hupasuka na kukirusha kifuko cheusi cha mbegu zake umbali wa hadi mita mbili. Kwa nini uhangaike hivyo? Kwa sababu ng'ombe hali majani yaliyo karibu na mavi yake. Ukungu usiorusha mbegu zake nje ya eneo hilo hauliwi na ng'ombe, na usipoliwa hauendelei. Minyoo ya mapafu ya ng'ombe imeigundua njia hiyo: vijana wake hupanda juu ya ukungu huo na kurushwa pamoja nao mpaka kwenye majani safi.

Watasema hawana maabara. Nawauliza: samadi inauzwa bei gani? Nenda mnadani Msalato urudi na kopo moja. Lifunike kwa kitu cheusi, acha kitundu kimoja chenye kioo cha kupitisha mwanga, weka unyevu, subiri siku kadhaa. Ukungu ukiota, utaona madoa meusi yamegota kwenye kioo. Mtoto aliyeyaona madoa hayo hahitaji kukaririshwa maana ya neno "kurusha".

Lakini nisingeshika kalamu kwa ajili ya ukungu peke yake. Naandika kwa ajili ya macho ya watoto.

Katika nyanda hizi anaishi swila, yule fira atemaye sumu. Meno yake yana tundu linalotazama mbele, tofauti na nyoka wengine wenye tundu linaloelekea chini. Misuli huikamua tezi, sumu hutoka kama maji ya bomba lililobanwa, naye hutikisa kichwa upesi ili itapakae usoni kwa adui. Hufika mita mbili na zaidi, na shabaha yake ni uso. Mwaka 2021 wanasayansi walieleza katika jarida la Science kwamba fira watemao wa Afrika, wale wa Asia, na jamaa yao mmoja wa kusini mwa Afrika walipata uwezo huu kila kundi kivyake, na sumu ya makundi yote matatu imeongezewa uchungu. Walitoa pia dhana, ambayo bado ni dhana, kwamba huenda waliokuwa wakitemewa ni wazee wetu wa kale, ambao waliweza kumuua nyoka kutoka mbali kwa jiwe na fimbo. Mrushaji alikutana na mrushaji.

Miaka michache iliyopita mtoto wa darasa la nne, mtaani kwetu, alitemewa na nyoka ndani ya banda la kuku. Palikuwa na ndoo mbili za maji pembeni. Watu wazima wakasimama wakibishana, mmoja akaponda majani, mwingine akatafuta alama za meno mguuni, na mtoto akawa anasugua macho. Hospitali alifika jioni. Jicho lake moja lina kiwingu mpaka leo. Miongoni mwa watu wazima wale alikuwamo mwalimu. Nilipomuuliza kwa nini hakumwaga maji, alinijibu kwa adabu: "Mzee, sisi tulifundishwa kwamba nyoka huuma."

Hilo ndilo jibu la elimu ya kunakili. Alifundishwa kwamba anayerusha ni mtu na nyoka anauma. Basi akatafuta jeraha mguuni wakati sumu iko machoni.

Kwa hiyo natoa madai yangu kwa wakufunzi wa vyuo vyote vya ualimu, bila kumung'unya maneno. Mwanachuo asihitimu mpaka aweze kumweleza mtoto wa kijijini kwamba swila hutema, na kwamba aliyetemewa machoni asisugue, asipakwe majani wala dawa ya kienyeji, bali aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika kumi na tano au ishirini, kisha apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Asihitimu mpaka awe amewatoa wanafunzi nje ya darasa, wakaangalia kwa macho yao kiumbe kimoja kirushacho, na kuandika walichokiona badala ya alichowaamuru.

Na ile sentensi ifutwe. Dasta ipo, na ubao ni wenu.