Maridhiano ya ndoa si kunyamaza kwa mmoja

Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huhamisha nyumba nzima. Mtumishi wa umma anayetakiwa kuondoka Tabora na kuripoti Lindi huipokea barua hiyo ofisini, na jioni hufika nayo nyumbani. Huko humkuta mke ambaye naye ni mtumishi: mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa la mtihani mikononi mwake, na watoto wawili waliokwisha kuizoea shule yao. Hapo ndipo ndoa hupimwa. Je, nani atamfuata nani, na kwa gharama ya nani?

Katika nyumba nyingi swali hilo haliulizwi kabisa. Mume husema, "Tunahama," na mke huanza kufunga mizigo. Majirani huwasifu kwamba ni watu wanaosikilizana. Baada ya miaka michache barua nyingine huja, na mizigo hufungwa tena. Mwalimu huyo huanza upya kila aendako: shule ngeni, wakuu wageni, na masomo ya kujiendeleza yaliyokatika katikati. Hajapata kulalamika hata siku moja. Lakini ukimya wa namna hiyo ndio unaopaswa kutiliwa shaka, kwani wahenga walikwisha kuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo huo kwa kawaida husikika siku ya jambo dogo. Sukari imekwisha, au mgeni amefika bila taarifa, na mara maneno makali hutoka ambayo hayalingani hata kidogo na sukari wala mgeni. Watu hustaajabu kuona wanandoa wa miaka kumi na mitano wakigombana kwa jambo kama hilo. Ukweli ni kwamba ugomvi huo ni deni la miaka mingi ambalo halikuandikwa popote, na ambalo mdaiwa hakujua kwamba anadaiwa.

Neno maridhiano lenyewe lina fundisho. Kuridhiana ni kuridhika kwa wawili, kila mmoja kwa mwenzake. Hakuna mtu awezaye kuridhiana peke yake. Anayefunga mizigo kwa sababu hakuulizwa hakuridhia, bali ametii tu. Utii huo unaweza kuleta utulivu wa muda, lakini hauwezi kuitwa mapatano.

Sheria za nchi ziliiona haja ya ridhaa ya wawili tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, ilitamka kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Ilizuia pia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata kazi za nyumbani anazozifanya mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Sasa ikiwa nyumba ya matofali haiwezi kuuzwa bila ridhaa ya wote wawili, ni haki gani inayoruhusu kazi, masomo na matumaini ya mmoja wao yaamuliwe na mwingine kwa neno moja la jioni?

Wako watakaojibu kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba nyumba isiyokuwa na msemaji mmoja husambaratika. Mithali hiyo ni ya kweli kwa mafahali, maana wao hugombea zizi walilolikuta. Mume na mke wamelijenga zizi lao wenyewe. Isitoshe, mtumishi huyohuyo ambaye ofisini hunung'unika kwamba wakubwa wamemhamisha bila kumsikiliza, akifika nyumbani humhamisha mke wake bila kumsikiliza. Mwalimu anayekasirika kwa kuwa ratiba ya shule imebadilishwa pasipo kikao hawezi kuiendesha nyumba yake pasipo kikao, kisha akadai kwamba huo ndio uongozi.

Wala haifai kudhani kwamba kosa hili ni la waume peke yao. Wapo waume waliokataa kimyakimya nafasi ya kupandishwa cheo kwa kuwa wake zao hawakutaka hata kuusikia mkoa mwingine ukitajwa. Wapo ambao mshahara wao hupangiwa matumizi yote kabla haujapokewa, nao hunyamaza ili amani idumu. Uchungu wao hauna tofauti na ule wa mwalimu wa Tabora.

Maridhiano ya kweli hutambulika kwa alama zake. Mazungumzo hufanyika kabla ya uamuzi, si baada yake. Kile kinachoachwa hutajwa waziwazi, ili anayekipokea ajue thamani yake. Kisha huwekwa muda, na zamu huheshimiwa. Katika mfano uliotajwa, mume anaweza kutangulia Lindi, mke akabaki hadi darasa lake limalize mtihani, kisha akaomba uhamisho kwa sababu ya kumfuata mwenza wake, sababu inayofahamika vyema katika utumishi. Njia hiyo ina gharama: kodi mbili, majiko mawili, nauli, na watoto kukaa mbali na baba yao kwa miezi kadhaa. Gharama hizo hazina budi kupigiwa hesabu mezani, mishahara yote miwili ikiwa wazi. Na iwapo mke ndiye atakayeamua kuacha shule yake mara hii, basi ikubaliwe kwamba siku atakapopata nafasi ya kwenda chuo, zamu ya kuibeba nyumba itakuwa ya mume.

Hata hivyo, maridhiano yana mpaka. Sheria hiyohiyo ya mwaka 1971 ilikataza mume au mke kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Katika jambo hilo hakuna kukutana njiani, wala hakuna kipigo kidogo kinachoweza kukubaliwa ili kuepuka kikubwa. Anayeambiwa aridhie kudhalilishwa hapatanishwi, bali anaonewa mara ya pili.

Onyo hili linawahusu pia wanaoitwa kusuluhisha. Sheria iliweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa, na kwa kawaida ombi la talaka halipelekwi mahakamani kabla Baraza halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Utaratibu huo ni wa busara, lakini hukosa maana pale wasuluhishi, wawe wa Baraza au wazee wa ukoo, wanapomwambia mmoja avumilie na kumrudisha nyumbani bila mwenzake kuulizwa chochote. Huko ni kufunika kombe ili mwanaharamu apite, naye mara nyingi hapiti.

Baraza la kwanza la ndoa ni wenye ndoa wenyewe, na kikao chake hakihitaji mhuri wala mwenyekiti. Kinachohitajika ni mume kuiweka barua mezani kabla ya kutamka "tunahama", na kumwuliza mwenzake anapoteza nini wakiondoka. Mke naye hana budi kulijibu swali hilo kwa ukweli, hata kama jibu lenyewe litaichelewesha safari.