Rada Kwenye Lori ni Poa, Lakini Haitatuokoa na Trela ya Miwa

Kuna video zinazunguka za malori mapya ya Ulaya. Dereva ametoa mguu kwa mafuta, gari la mbele linapunguza mwendo, na lori nalo linapunguza lenyewe. Watu wanaandika: leteni hii Kenya, ajali ziishe. Mimi nasema iletwe. Hapo kwa “ziishe” ndipo tunakosana.

Wacha kwanza tuelewe inafanya nini. Kwenye bampa ya mbele kuna kiboksi kidogo cha rada. Kinarusha mawimbi ya redio, yanagonga gari la mbele na kurudi. Muda yanaochukua kurudi unaonyesha gari liko umbali gani. Pia mawimbi yanarudi yakiwa yamebadilika kidogo, vile sauti ya king’ora cha ambulansi hubadilika ikikupita. Hayo mabadiliko ndiyo yanaonyesha kama mnakaribiana, na kwa kasi gani.

Dereva anachagua mwendo na pengo. Kwa mfano, kilomita 80 kwa saa ni kama mita 22 kila sekunde, kwa hivyo pengo la sekunde 3 ni karibu mita 66. Likipungua, kompyuta inakata mafuta kwanza, kisha inaita breki ya injini, halafu breki za magurudumu. Ikiona breki kali zaidi inahitajika, inapiga kengele dereva amalizie.

Hiyo ni kazi nzuri. Rada haisinzii, na giza haliisumbui. Kwa lori lenye tani 40 au 50, sekunde moja ni maisha ya mtu.

Sasa ilete barabara yetu ya Kakamega kwenda Malava mpaka Webuye, saa mbili usiku. Trela ya miwa imeharibika katikati ya leni, haina taa, onyo ni matawi mawili yametupwa lami. Rada nyingi, hasa za zamani, zimepangwa kupuuza vitu vilivyosimama tangu mwanzo. Si ujinga. Bila hivyo lori lingefunga breki kwa kila kibao na kila daraja. Lakini ile trela ndiyo hatari yetu kubwa, na kruzi ya rada inaweza kuipita kama kibao tu. Kazi ya kusimamisha lori hapo ni ya mfumo mwingine, breki ya dharura, ambao Ulaya iliufanya lazima kwa malori mapya makubwa tangu 2015. Watu wanachanganya hizi mbili.

Halafu kuna boda inayochomoka kutoka murram, ng’ombe anayevuka, na matatu. Ukiacha mita 66, matatu inaona hiyo ni nafasi yake. Inaingia, lori linarudi nyuma tena, nyingine inaingia. Dereva mwenye deni la trip atazima hiyo kitu kabla afike Lubao.

Kumbukeni Londiani, tarehe 30 Juni 2023. Lori lilivamia matatu na wachuuzi kando ya barabara na watu zaidi ya 50 wakafariki. Wale wachuuzi hawakuwa gari la mbele kwenye leni. Na rada ni jicho tu. Inaagiza breki. Kama breki zenyewe zimekufa, inaagiza hewa.

Jambo lingine: sisi tunapenda kufunga chuma kubwa mbele ya lori. Chuma hicho kinaweza kuziba rada, na tope la msimu wa mvua pia. Bampa ikigongwa kidogo, rada inapinda na kuanza kusoma leni isiyo yake. Lazima ipangwe upya kwa mashine maalum, si kwa nyundo na welding. Anayeuza lori lenye rada atuambie fundi wa kuipanga yuko wapi, au mteja wa Kakamega atalipeleka Nairobi.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Serikali idai breki ya dharura na rada kwa malori mapya, sawa. Lakini kesho asubuhi, kabla ya hiyo, kila trela ya miwa iwe na taa na vibandiko vinavyoakisi mwanga, na ikiharibika iwekewe pembetatu nyekundu, si matawi. Breki zikaguliwe kweli, si karatasi kupigwa muhuri. Na mwenye lori aache kumlipa dereva kwa trip, maana hapo ndipo pengo linapokufa.

Na pengo lenyewe ni bure. Gari la mbele likipita nguzo ya stima, hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Ukifika nguzo kabla ya tatu, uko karibu sana. Mvua ikinyesha au ukiwa na mzigo, ongeza.

Madereva wa malori mnaosoma hii, mmewahi kuendesha lenye rada? Mliiacha ikiwaka ama mliizima? Niambieni ukweli.