Otieno si Atieno: soma jina kabla ya PIN

Kompyuta hulinganisha majina kwa njia tofauti. Soundex, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1918, hufuata sauti: kwake Mohamed na Muhammad ni kitu kimoja. Lakini hung'ang'ania herufi ya kwanza, kwa hivyo huwatenganisha Chebet na Jebet. Levenshtein, ya 1965, huhesabu herufi zinazobadilika. Mohamed hadi Muhammad ni tatu; Otieno hadi Atieno ni moja tu, na huyo ni mwanamume, yule mwanamke!

Sisi tunasema hivi: mashine ipendekeze, mwenye pesa aamue. Jina likitokea kwenye simu, usiharakishe. Lisome herufi kwa herufi. Ukiwa na shaka, mpigie mwenyewe kwanza. Pesa ikishaenda, kuirudisha ni shughuli.