Historia yetu isingoje watalii

Mgeni anayefika Cusco, mji mkuu wa kale wa Wainka katika milima ya Andes nchini Peru, huuziwa safari ya siku moja. Asubuhi hupakiwa katika basi dogo, akapelekwa Pisac kutazama matuta ya mawe yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, mchana akala bondeni Urubamba, alasiri akapanda ngazi za ngome ya Ollantaytambo, na jua linapokaribia kutua akaoneshwa wanawake wa Chinchero wakisokota sufi na kuitia rangi za mimea. Usiku hurudi hotelini na picha zake. Kwa siku hiyo moja amesikia habari za dola ambayo Wahispania waliipindua kuanzia mwaka 1532, na amewasikia watu wanaosema hadi leo lugha ya Kiketchua iliyosemwa na wafalme wake.

Sina ugomvi na mgeni huyo. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe, tuliosoma. Mtumishi wa serikali aliyeajiriwa Korogwe kwa miaka kumi aweza kuitambua picha ya Machu Picchu ukutani mara moja, lakini ukimwuliza Semboja alikuwa nani atakuuliza kama ni jina la kituo cha basi. Hii ni kasumba, na haikuondoka pamoja na mkoloni.

Tena tazama jinsi Machu Picchu yenyewe ilivyopata sifa. Vitabu vingi vilisema kwamba iligunduliwa mwaka 1911 na Mmarekani Hiram Bingham. Ukweli ni kwamba Bingham alionyeshwa njia na mkulima wa bondeni aitwaye Melchor Arteaga, na huko juu alikuta familia za wakulima zikilima matuta yale yale ya Wainka. Vitu alivyovichukua vilikaa Chuo Kikuu cha Yale karibu miaka mia moja, hadi Peru ilipoanza kurudishiwa mwaka 2011. Kwetu pia, Burton na Speke walipopanda mwaka 1857 kutoka Pangani kupitia Kohode hadi Vugha kumwona Kimweri ye Nyumbai, hawakwenda kwa dira peke yake. Waliongozwa na watu wanaozijua njia, na majina ya watu hao msomaji hayakumbuki.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba Handeni na Korogwe hakuna magofu. Kwa maana ya kuta za mawe, jibu hilo lina ukweli. Anayetaka mawe na aende Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, akaone mifereji na matuta ya wakulima walioyaacha mashamba yao yapata karne tatu zilizopita. Wazigua na Wasambaa walijenga kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo hurudi ardhini. Lakini tangu lini historia ya binadamu ikawa ni ya wale tu waliobahatika kuishi penye mawe mazuri?

Safari ya siku moja katika wilaya hizi mbili ingeweza kuanzia Korogwe mjini, ukingoni mwa mto ambao ramani huuita Pangani na wenyeji huuita Ruvu. Katika karne ya 19 vijiji vya Wazigua vya mto huu vilijengwa visiwani, maji yakawa ndiyo boma lao dhidi ya wavamizi. Mwanafunzi akisimama pale na kuambiwa hivyo, somo la ulinzi wa jamii limekwisha kueleweka kabla mwalimu hajafungua kitabu. Kutoka hapo gari lingefuata barabara ya Same hadi Mombo. Karibu na Mombo, mahali paitwapo Kwa Mgogo, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua shanga na makombe ya baharini, ushahidi kwamba bonde hili lilikuwa na mawasiliano na pwani karne nyingi kabla Mjerumani hajaleta reli yake Korogwe mwaka 1902. Tuliofundishwa kwamba bara lililala likingoja kuamshwa tungefaa tuvishike vitu hivyo kwa mikono yetu.

Mbele kidogo ni Mazinde, na hapa kiongozi wa msafara lazima awe mtu mkweli. Baada ya kifo cha Kimweri mwaka 1862, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, tambarare, penye njia ya misafara, akajipatia bunduki na nguvu kupita ndugu zake waliobaki milimani Vugha. Ufalme uliokuwa umesimama juu ya tambiko na kodi ukatikiswa na baruti. Bunduki zile zililipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Simwiti Semboja shujaa, na nisingependa mtoto wa Korogwe aimbishwe hivyo kwa ajili ya kumfurahisha mtalii. Wainka nao walikuwa na wanyonge wao, walioyabeba mawe yale yanayopigwa picha. Tukianza kuipaka historia rangi ili iuzike, heri tuiache ilale.

Kuna jambo jingine kuhusu Mazinde ambalo watumishi wa halmashauri wangefaa kulitazama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Vilivyofuata hapo, kwa jumla, hungoja tangazo la Waziri. Ukuu wa Semboja uliinuka baada ya mwaka 1862. Maana yake ni kwamba mabaki ya mji wake yaweza kuangukia upande usiolindwa wa mstari, kwa tofauti ya miaka michache tu, na atakayechimba kifusi au msingi wa nyumba pale huenda asivunje sheria yoyote. Waziri hatangazi asichoombwa kukitangaza, na wa kuomba ni sisi tulioko chini, wenye mafaili na mihuri.

Kutoka Mazinde msafara ungerudi Korogwe na kuvuka mto kwenda Handeni. Njiani mwongozaji angewakumbusha watu kwamba Mbegha, mwindaji wa nguruwe ambaye kwa masimulizi ndiye baba wa watawala wa Usambaa, alitoka Nguu, katika milima ya Kilindi iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi mwaka 2002. Habari hizo ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewajua Wakilindi kwa karibu, wakati wengi wa babu zetu hawajaona kalamu. Ni walimu wangapi wa Mkoa wa Tanga waliokisoma kitabu chake?

Lakini kwangu mimi kilele cha safari hiyo si Mazinde. Ni Chogo, wilayani Handeni. Katika miaka ya 1830 nchi ya Wazigua iliingiwa na njaa kubwa ambayo wazee huiita Kidyakingo, kwa kuwa watu walifika hatua ya kula ngozi. Wengi waliteremka pwani kutafuta chakula, wakaishia majahazini, wakauzwa Somalia. Waliojikomboa walijenga vijiji vyao kando ya mto Juba, wakalima, wakazaa, na kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini wakaendelea kuzungumza Kizigua katikati ya watu wasiokielewa. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991, baadhi yao waliishika njia ya baharini kurudi Tanzania, nchi waliyoijua kwa masimulizi ya mabibi zao tu. Mwaka 2003 walianza kupewa makazi Chogo, na katika muongo uliofuata wengi wao wakapewa uraia. Walipofungua midomo, mkulima wa Handeni aliwaelewa.

Hebu linganisha na ukuta wa Ollantaytambo. Jiwe halihitaji kukumbuka kitu, hukaa tu. Hawa waliibeba nchi yao vinywani, kizazi baada ya kizazi, bila shule, bila redio, bila kipande cha ardhi chenye jina lao. Kama hilo si gofu la kutembelewa, basi ni kwa sababu bado lina uhai. Wala siombi Chogo ipangiwe saa nane mchana wazee watoke kucheza mbele ya kamera. Mgeni akae chini, aulize, ale bada aliyopikiwa na ailipie, asikie lugha ile kama inavyosemwa.

Walimu watauliza mambo haya yataingia wapi katika mihtasari. Nawakumbusha kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ni Chuo cha Ualimu Korogwe kilichoshika mkono shule ya Kwamsisi, wilayani Handeni, kujaribu kuifanya shule na kijiji viwe kitu kimoja: wanakijiji wakawa na la kufundisha na mwanafunzi akajifunza kwa kazi za mahali pake. Jaribio lile lilikuwa na matatizo yake, na sitasema lirudishwe kama lilivyokuwa. Lakini haiwezekani wilaya zilizoionyesha nchi nzima namna ya kuitumia ardhi ya kijiji kuwa darasa ziwe leo ndizo zinazokusanya michango ya wazazi kupeleka watoto wachache, wale wenye uwezo, kuona twiga.

Kwa hiyo nasema waanze watoto wa Korogwe na Handeni, watalii wafuate. Mzee atakayesimulia alipwe kama anavyolipwa fundi, na jina lake liandikwe. Peru ilingoja hadi mwaka 2001 kutunga sheria inayowakinga wapagazi wa njia za Wainka wasibebeshwe zaidi ya kilo 20. Sisi, tunaotoka katika nchi ya wapagazi, tusingoje hadi watu waumie. Afisa Utamaduni na Afisa Elimu wa kila halmashauri wakae meza moja, waitembee njia hiyo wao kwanza, kwa gari la ofisi, siku moja ya Jumamosi. Gharama yake ni mafuta, chakula cha mchana na posho ya wazee watatu au wanne. Fungu hilo liingizwe katika makadirio ya bajeti ijayo, na wakati huo huo barua ya kumwomba Waziri kuhusu Mazinde iwe imekwisha kupigwa chapa.