Ahadi ya Mwenyezi Mungu Haina Haraka Wala Haichelewi



Mwezi uliopita, baada ya darsa ya alasiri hapa Malolo, kijana mmoja katika wanafunzi wangu alibaki nyuma ya wenziwe. Akaniamkia, kisha akaniuliza suala ambalo sikuweza kulijibu palepale. Mama yake alipelekewa katika simu ile risala inayodaiwa kuwa ni ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (S.A.W.) huko Madina. Risala yasema kwamba mwenye kuipeleka kwa watu 20 atapata heri, na mwenye kuipuuza atafikwa na msiba. Mama aliipeleka, kwani alikuwa na binti mgonjwa. Binti akafariki.

"Mwalimu," akasema kijana, "ahadi ile haikutimia. Basi na hii ya Qurani, ya kuwa dada yangu atafufuliwa nami nimwone, nitajuaje kuwa ni ya kweli?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Nilimpa pole, sikumkemea. Na nyinyi wazazi nawausia msimkemee mtoto aulizaye hivi, kwani mwenye kuuliza bado anataka kuamini.

Alipokuja tena nilianza na risala yenyewe. Nami nilipokuwa mdogo niliinakili katika karatasi za daftari, kwa hofu. Lakini umri wake ni mkubwa kuliko wangu. Mwaka 1908, wakati wa Wadachi, barua ya namna hiyo, iliyosemwa kuwa imetoka Makka, ilienea Lindi na pwani yetu, ikihubiri kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Watu walitaharuki, na watawala nao wakaingiwa na hofu, maana vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa havijasahauliwa. Sasa yapata zaidi ya miaka 100, na mwisho uliohubiriwa kuwa karibu haujafika. Ahadi ile haikuwa ya Mwenyezi Mungu, wala ya Mtume Wake. Ni maneno ya mtu aliyejificha nyuma ya jina tukufu. Noti ya bandia haiifanyi noti halali kuwa karatasi tupu.

Kisha tukaitazama ahadi ya Kitabu. Mwaka 614 Waajemi waliuteka mji wa Baytul Maqdis, na Warumi wakashindwa vibaya. Qurani ikaja na habari katika Suratur Rum kwamba walioshindwa watashinda katika miaka michache. Washirikina wa Makka wakacheka, hata Sayyidna Abubakar (R.A.) akawekeana sharti nao kwa ngamia, kabla ya kamari kuharimishwa. Nani angeliamini? Lakini mwaka 622 mfalme Heraclius alitoka na jeshi lake, na Desemba 627 akawavunja Waajemi karibu na Nineve.

Yule kijana akanyamaza, kisha akasema: "Hao waliona. Na anayengoja bila ya kuona?"

Naam, hapo ndipo penye uzito. Nikamkumbusha siku ya Hudaybiya, mwaka 628. Mtume (S.A.W.) aliota kuwa wataingia Msikiti Mtukufu, wakatoka Madina watu wapatao 1,400, nao Makureshi wakawazuia njiani. Sayyidna Umar (R.A.) hakustahimili. Akamwendea Mtume akamwuliza: si ulituambia kuwa tutaifikia Nyumba? Mtume akamwuliza naye kama alimwambia kuwa ni mwaka ule. Umar akakiri kuwa la. Mwaka uliofuata wakaingia kwa Umra, na mwaka 630 Makka ikafunguliwa.

Tazama, ndugu yangu: Umar hakuwa mtu wa imani dhaifu. Ahadi ilikuwa ya kweli; muda ndio aliouweka mwenyewe moyoni. Nasi mara nyingi hivyo ndivyo tufanyavyo. Kitabu hakikutuahidi kuwa mtoto wa muumini hatakufa. Bali kimetwambia waziwazi kuwa tutajaribiwa kwa hofu na njaa, na upungufu wa mali na watu na matunda, na kimewapa bishara wenye kusubiri. Basi msiba wa nyumba ile haukuivunja ahadi ya Qurani; uliivunja ahadi ya risala tu.

Na kufufuliwa je? Nilimtoa nje nikamwonyesha mashamba. Mwezi wa Oktoba, baada ya moto, ardhi yetu huwa majivu na visiki. Mgeni angeapa kuwa hapataota kitu. Mvua za Desemba zikishuka, majani huchomoza hata pale ambapo hakuna mtu aliyepanda. Qurani yenyewe imetutaka tuitazame ardhi iliyokufa namna inavyohuishwa, kwani aihuishaye ndiye atakayewahuisha wafu.

Kijana hakusema neno. Lakini jioni ile alirudi darsani, akakaa mahali pake, akafungua juzuu yake.

Nawaomba basi wazazi: ikija risala ya vitisho, ulizeni kwanza aya yake iko wapi na hadithi yake ni ya nani. Isipokuwa na asili, ikome mkononi mwenu. Na usiku mmoja mwezi huu wasomeeni watoto Suratur Rum pamoja na maana yake, na mwacheni aulizaye aulize.

Wabillahi tawfiq.