BARAZA LA WAZAZI: Jumamosi ya Bwenini



Baba mmoja wa Baraka, mvuvi, ametuletea swali, naye ameliuliza kwa uchungu. Mwanawe yu katika shule ya bweni ya wavulana, mwaka wa nne wa sekondari. Tangu mwanzo wa mwaka Perefe wa shule ile amewakataza wavulana kurudi nyumbani siku ya Jumamosi. Asubuhi husoma vitabu visivyo vya darasa. Alasiri hufanya majadiliano, kundi moja likitetea jambo na jingine likilipinga. Jioni hukutana na Perefe mwenyewe kuzungumza mambo ya bweni. “Hayo yote,” asema baba huyo, “hayaulizwi katika Mtihani wa Serikali. Mimi nalipa karo, tena nakosa mkono wa kunisaidia mtumbwini. Je, si afadhali mtoto arudi kuvua ndagala, apate angalau bei ya daftari zake?”

Swali hili si la mtu asiyependa elimu. Ni la mtu anayehesabu franka zake kila jioni, na anayelicheka hajapata kusukuma mtumbwi.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Tanganyika twajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, mwezi usipoonekana. Kijana aliyekesha ziwani huja darasani macho wazi na akili imelala. (Na akikesha Jumamosi, Misa ya Jumapili nayo humpita, lakini hilo nitaliacha kwa Padre wa parokia.) Basi kitu cha kwanza ambacho bweni humpa mtoto ni usiku wake: saa mbili za kusoma, kisha usingizi. Wazazi wengi hawakihesabu, kwa kuwa hakiandikwi katika kadi ya alama.

Lakini baba yetu hakuuliza habari ya usiku, ameuliza habari ya Jumamosi. Nami kumjibu nitamtoa kidogo huku Ubembe, nimpeleke Nairobi, ambako jambo hili lilijaribiwa kwa miaka mingi.

Mwezi wa Novemba 1959, kijana wa miaka 26, jina lake Geoffrey Griffin, pamoja na wenziwe Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, walianza kuwakusanya wavulana waliokuwa wakizurura mjini, wengi wao wakiwa wamepoteza wazazi au makao katika siku za vita vya Mau Mau. Walianza na mabanda mawili ya bati. Mahali pale paliitwa Starehe, ingawa starehe yenyewe haikuwapo. Shule ile si ya Kanisa letu, lakini jema ni jema. Wavulana wengi walisomeshwa bure, na kwa miaka mingi ikahesabiwa miongoni mwa shule za kwanza katika mitihani ya Kenya. Griffin aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005.

Sasa sikilizeni. Kila juma wavulana wote walikuwa na baraza pamoja na mkurugenzi wao. Mvulana yeyote, hata mdogo kabisa, aliweza kusimama mbele ya wote na kusema lililomkera, awe amenyimwa haki na kapita wa bweni au hakuridhika na chakula. Mkurugenzi alipaswa kumjibu palepale, mbele ya shule nzima. Tena mambo mengi ya kila siku yaliwekwa mikononi mwa wavulana wenyewe, na wakati wa likizo walitumwa kufanya kazi ya kujitolea bila mshahara.

Fikirini ni mazoezi gani hayo! Mvulana asimamaye kulalamika hulazimika kwanza kupanga maneno yake, kutenga alichokiona na alichokisikia, na kungoja jibu bila kutukana. Ndiyo akili ileile itakiwayo katika insha na katika hesabu. Na kapita ajuaye kwamba Jumamosi atatajwa barazani hawapigi wadogo siku ya Jumatatu.

Kwetu Fizi jambo hili lina uzito kuliko Nairobi. Mwaka 1964 uasi ulipopita hapa, vijana wengi waliufuata kwa sababu mtu alisema kwa sauti kubwa, nao hawakuzoea kuuliza. Tarehe 28 Novemba ya mwaka ule waliuawa hapa Baraka Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara, na kule Fizi Padre Giovanni Didonè pamoja na Padre Albert Joubert, aliyekuwa mwana wa Afrika kwa mama yake. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa liliwatangaza kuwa Wenyeheri. Hata leo wapo wanaowaita wana wetu waingie msituni na bunduki, na machimbo ya dhahabu ya Misisi nayo yanawaita. Mvulana aliyezoea kusema, “Nionyeshe sababu,” ni mgumu kumchukua.

Hata hivyo sitamsifu Perefe kwa kila jambo. Amefanya vema katika tendo, amekosa katika namna. Ilimpasa awaite wazazi kwanza, awaeleze, kisha atoe amri. Mtu afundishaye wavulana majadiliano naye ajadiliane na baba zao. Tena baraza ambalo hapana athubutuye kulalamika ni kuitwa majina mara ya pili tu. Na kama vitabu ni vichache, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha waulizane. Watu mia wamewahi kushibishwa na kitabu kimoja.

Basi, baba, nakushauri hivi. Nenda kwa Perefe, usimtume mtu. Mwombe mambo mawili. La kwanza, akuruhusu uketi nyuma Jumamosi moja usikilize majadiliano ya wavulana. Ukimwona mwanao amesimama akisema, utajua mwenyewe kama fedha yako inapotea. La pili, mwombe Jumamosi moja katika kila mwezi, ile ya giza, mtoto aje akusaidie mchana kutengeneza nyavu na kuanika ndagala, arudi bwenini kabla ya jua kuchwa. Nadhani hatakataa. Akikataa, muulize sababu, kisha utuandikie alivyojibu.